Mpaka Safu ya Nne

Bwana Stoo hakuwa mtu wa maigizo. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye hati ya mshahara na midomoni mwa dada zake tu. Wengine wote, kuanzia mganga mkuu hadi wafua mashuka, walimwita Bwana Stoo. Kazi yake ilikuwa kupokea, kupanga na kutoa: glavu, bandeji, sabuni, ndoo, balbu. Aliyetaka balbu mpya, sharti alete iliyoungua. Daktari mmoja aliyechoka kusubiri aliwahi kumwuliza kama mgonjwa anayehitaji damu naye alete kwanza ile ya zamani. Bwana Stoo alifikiri, akasema damu haiko chini yake, aulize maabara.

Aliyempeleka kwenye maigizo ni mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na alijiunga na kikundi cha maigizo cha mtaa mwaka ule binti yao wa mwisho alipoolewa na nyumba ikabaki na viti vingi kuliko watu. Jioni za mazoezi Bwana Stoo alimfuata ukumbini ili warudi pamoja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, koti mapajani, kama mtu aliyeleta barua na anasubiri jibu.

Kikundi kiliongozwa na daktari wa meno. Alikuwa mwongozaji mzuri, ila alikuwa amezoea mno kuzungumza na watu waliofungua midomo wasioweza kumjibu. Ukumbi wenyewe ulikuwa na paa la bati, feni zilizonguruma, na kule nyuma kabisa friji ya soda ya msimamizi wa ukumbi, iliyotetemeka kama mwenye homa. Mwaka uliotangulia waliigiza mchezo wa maneno matupu, bila chombo chochote cha sauti. Waliokaa mbele walifurahi. Waliokaa nyuma hawakusikia kitu, wakajitungia mchezo wao wenyewe. Mama mmoja aliondoka akiamini kwamba mhusika mkuu alikuwa maiti tangu mwanzo, na aliusifu sana mchezo kwa sababu hiyo.

Safari hii mchezo ulikuwa wa kuimba. Uliitwa *Harusi ya Mfinyanzi*. Daktari aliitisha mkutano, akasema michango imekusanywa na ni lazima vyombo vya sauti vipatikane. Fedha zilitosha kununua kitu kimoja kizuri sana, au vitu vingi vibaya, au vichache vya wastani iwapo mnunuzi atakuwa na akili. Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka shughuli zake. Keshia wa benki, aliyeigiza bibi harusi, alisema yeye hesabu za kazini zinamtosha. Fundi bomba, aliyeigiza bwana harusi, alisema jambo lakini halikusikika. Macho ya Daktari yakazunguka ukumbi mzima, yakatua mlangoni.

"Bwana Stoo. Wewe si ndiye unayenunua vitu vya hospitali nzima?"

"Sinunui, Daktari. Napokea."

"Ni mulemule."

"Na mimi si mwanachama."

"Ndiyo vizuri. Hutampendelea mtu."

Bwana Stoo alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akiangalia dari. Ikawa imepita.

Duka alilokwenda kwanza lilikuwa mtaa wa maduka ya umeme, na lilisikika kabla halijaonekana. Muuzaji, mtu wa bashasha tele, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee wangu. Hafla gani? Harusi? Disko?"

"Mchezo wa kuigiza."

"Wa besi?"

"Wa maneno."

Muuzaji hakuona tofauti. Aliwasha spika mbili nyeusi zenye urefu wa mtu, vikombe vya chai kwenye kaunta vikaanza kutembea. "Unaisikia hiyo?" akauliza kwa ishara.

"Naisikia kifuani," alijibu Bwana Stoo, muziki ulipopunguzwa. "Naomba sasa nimsikie mtu akizungumza."

Muuzaji alichukua maiki. "Haloo, haloo. Moja, mbili. Haloo."

"Sema jambo lingine. Lisilo haloo."

Hilo lilimtatiza. Alisimama na maiki yake akitafuta la kusema, mwisho akachukua boksi lililokuwa karibu akaanza kusoma maonyo yaliyoandikwa ubavuni: usiweke karibu na maji, usifungue kifuniko, weka mbali na watoto. Maneno yalitoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, anayeomba msaada bila haraka. Debe tupu haliachi kuvuma, alijisemea Bwana Stoo, akashukuru, akaaga. Mlangoni muuzaji alimwonyesha kitu kingine: boksi jembamba lenye maiki nane zisizo na waya, za kubandika shavuni, kwa bei ya kutupa. Bwana Stoo alisema ataangalia. Aliondoka, lakini lile boksi aliondoka nalo moyoni.

Kisha alikwenda kwa Mwangwi. Huyo alikuwa akikodisha vyombo vya sauti kwenye mikutano na misiba, na stoo yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji ya baiskeli. Alikuwa mtu mrefu, mwenye huzuni ya kawaida isiyo na sababu maalumu, na hakujua kabisa kuuza.

"Hii ilianguka," alisema, akipita kwenye rafu zake. "Hii ilinyeshewa. Hii haijaanguka, lakini bado mapema."

"Na zile mbili za kijivu?"

"Zile zilikuwa za darasa la watu wazima. Hazina besi. Hakuna anayezitaka."

Bwana Stoo aliomba zijaribiwe. Alitoka nje, akavuka uwanja wa gereji mpaka kwenye ukuta wa mbali, na Mwangwi akabaki ndani na maiki. Kwa kuwa hakuwa na la kusema, Mwangwi alieleza habari za goti lake: lilivyoanza kuuma, lilivyovimba, na mafuta aliyouziwa ambayo hayakusaidia chochote ila kunuka. Bwana Stoo alisikia kila neno. Mafundi baiskeli nao walisikia, mmoja akatikisa kichwa kwa masikitiko. Bwana Stoo alirudi, akamwambia zile spika anazichukua, na kwamba kwa goti la namna hiyo aende kliniki, asiendelee na mafuta.

Mwangwi alimpa ushauri bila kuombwa. Spika na nyaya nunueni, alisema, maana zinadumu. Miksa, ile meza ya vitufe inayokusanya sauti zote na kuzipima, kodini kwangu, kwa sababu mtaitumia mara mbili kwa mwaka na siku zilizobaki mende watalala humo. Spika zikae mbele ya waimbaji, si nyuma yao. "Spika ikianza kujisikia yenyewe inapiga mluzi," alisema. "Kama binadamu tu." Na maiki za shavuni anazo nne, nzuri, za kukodi.

"Waimbaji ni wanane," alisema Bwana Stoo.

"Bora nne zinazosikika."

Sikio la kufa halisikii dawa. Bwana Stoo alikuwa mtu makini, lakini alikuwa mtunza stoo, na kwa mtunza stoo boksi lililojaa ni kitu kinachotuliza roho. Kesho yake alirudi kwa yule muuzaji wa bashasha, akanunua boksi la nane.

Walizijaribu jioni hiyo hiyo. Waimbaji wote wanane walibandikwa maiki mashavuni na wakaonekana watu wa maana. Keshia akaanza wimbo wa bibi harusi, ule wenye kiitikio cha "nakubali, nakubali". Alipovuta pumzi kwa ajili ya ubeti wa pili, spika zikasema kwa sauti nzito ya kiume: "Sofa ya watu watatu, haijachanika, nani ataanza?"

Spika zikaendelea kutaja meza ya kulia chakula. Daktari aliangalia jukwaani, kisha akaangalia mswada, kama aliyehisi ameruka ukurasa.

Hawakuwa wamepata jibu pale mlango uliposukumwa, akaingia dalali wa mnada wa samani wa mtaa wa pili, jasho likimtoka.

"Nani humu anayesema 'nakubali' kwenye spika zangu?" aliuliza. "Nimeuza kabati moja mara mbili."

Ilibainika kwamba maiki yake na zile nane zilitumia masafa yaleyale, na zile nane hazikuwa na namna ya kuyabadilisha. Zilitengenezwa hivyo, na zingekufa hivyo. Dalali alikuwa amekuwapo mtaani kabla yao na mnada wake ulikuwa wa kila wiki. Daktari alimshika Bwana Stoo bega, akamwambia kwa upole ule wanaoutumia watu wa meno kabla ya kung'oa: "Kazirudishe."

Dukani, ukutani nyuma ya kaunta, palikuwa na maandishi mekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Muuzaji alinyoosha kidole tu. Bwana Stoo aliyasoma, akakubali kwamba yameandikwa vizuri, akavuta kigoda na kukaa kando ya mlango, boksi magotini. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kazini.

"Unasubiri nini, mzee wangu?" aliuliza muuzaji baada ya muda.

"Nasubiri kurudisha."

Mteja wa kwanza aliyeingia alilipenda boksi. "Hizi unauza, mzee?"

"Hapana, narudisha."

"Zina ubaya gani?"

"Hazina ubaya. Zinaleta sauti ya dalali."

Mteja alifikiri juu ya hilo, akatoka kwenda kuangalia duka la jirani. Wa pili aliuliza vilevile akajibiwa vilevile. Bwana Stoo hakumsema vibaya mtu yeyote. Kila mara alilisifu boksi lenyewe, kwamba ni imara na limefungwa vizuri. Mchana ulipofika muuzaji alikuwa amepoteza bashasha yote. Alitoka nyuma ya kaunta, akasema fedha hatoi, lakini atabadilishana: nyaya ndefu, stendi, betri, na maiki mbili za waya. Bwana Stoo alishukuru. Akaomba risiti ya mabadilishano.

Basi wakakodi zile nne za Mwangwi, ambazo masafa yake yalibadilishwa kwa kitufe, na dalali akabaki na mnada wake. Sasa likaja swali la nani atavaa. Wote wanane walizitaka. Daktari, aliyejua kung'oa lakini hakupenda kelele baada yake, alimgeukia tena Bwana Stoo, na Bwana Stoo akatoa kanuni aliyoijua, ile ya chumba cha dharura: anayevuja damu zaidi ndiye anayetangulia. Yeye atakaa safu ya mwisho, kando ya friji. Atakayesikika hahitaji maiki. Asiyesikika atavaa.

Ilikuwa kanuni ya haki, na ilileta mabadiliko ya ghafla. Kabla yake kila mtu aliitaka maiki. Baada yake hakuna aliyeitaka. Watu waliimba jioni ile hadi mishipa ya shingo ikasimama. Keshia alisikika mpaka barabarani. Fundi bomba hakusikika hata na keshia, aliyekuwa amemshika mkono.

Kisha ikafika zamu ya mkewe.

Mkewe aliigiza mama wa mfinyanzi, na alikuwa na wimbo mmoja tu, mwishoni mwa sehemu ya pili. Asubuhi ya harusi mama anakaa peke yake kati ya vyungu vya mwanawe na kuviimbia, kimoja baada ya kingine, akivieleza kwamba kuanzia leo mwenye nyumba ni mwingine. Wimbo hauna mbwembwe. Bwana Stoo alikaa kando ya friji akasikiliza. Friji ilitetemeka, feni zikanguruma, na kule mbali mdomo wa mkewe ulifunguka na kufungika kama wa samaki nyuma ya kioo. Aliinama mbele. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Hakusikia kitu.

Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemsikia mke huyu kutoka ng'ambo ya meza, au kutoka jikoni mlango ukiwa wazi. Haikuwa imemjia kamwe kwamba sauti ile ina mwisho, na kwamba mwisho wake uko mbele ya viti vingi namna hii. Alinyanyuka, akasogea safu moja, kisha nyingine, polepole, kama anayetafuta sarafu iliyodondoka. Alipofika safu ya nne akaanza kuyasikia maneno.

Njiani kurudi nyumbani mkewe aliuliza, "Nimesikika?"

"Umesikika."

"Wapi?"

"Ukumbini."

Haukuwa uongo, lakini haukuwa na afya. Mazoezi yaliyofuata alisimama mbele ya wote akataja watakaovaa: fundi bomba, mzee wa ukoo, shangazi wa bibi harusi, na mke wake.

"Hata mkeo?" aliuliza Daktari.

"Hata mke wangu."

Mkewe alitulia kama maji mtungini hadi walipofika nyumbani, akavua viatu, akaviweka sawa, ndipo akasema, "Bwana Stoo." Ndani ya nyumba hakuwa akimwita hivyo. Ilikuwa kama kusikia radi ya mbali. "Uliniambia nimesikika."

"Ulisikika mpaka safu ya nne."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo walikuona."

Mkewe alikwenda jikoni. Kesho yake aliirudisha mwenyewe maiki kwenye boksi lake, akamwambia Daktari ampe mwingine, yeye amefundisha watoto wa watu kwa sauti hii hii na hakuna aliyebaki mjinga. Nyumbani wakaingia kwenye kipindi cha kuzungumza mambo ya lazima: chumvi, funguo, mtungi wa gesi. Alfajiri alifungulia bomba la jikoni akawa anaimba kwa kupiga kelele juu ya maji, wimbo wa kuviaga vyungu ukawa kama wa kuvifukuza. Sauti ikamkauka. Huko chekechea, watoto waliposikia mwalimu wao ananong'ona, walidhani ni mchezo, nao wakanong'ona mchana kutwa. Mwalimu mkuu alikuja mara mbili kuangalia kama wamo.

Bwana Stoo hakujua la kufanya. Kazini mtu alipoletewa kitu asichokitaka, alijaza hati ya kukirudisha. Hapa hapakuwa na hati. Alimnunulia asali. Asali ilitumika, lakini haikutajwa.

Jumamosi moja mkewe alimwambia waende ukumbini mapema, kabla wengine hawajafika. Waliingia, yeye akapita moja kwa moja hadi safu ya mwisho, akakaa kando ya friji.

"Panda jukwaani," alisema, sauti ikiwa imerudi nusu. "Uimbe wimbo wangu."

"Siujui."

"Unaujua. Nimeuimba kwenye karai la vyombo tangu mwaka uanze, na wewe ndiye unayefuta."

Bwana Stoo alipanda. Alisimama miguu ikiwa imegusana, mikono ubavuni, kama mtoto anayesomewa majina. Akaimba. Hakuwa na sauti mbaya, alikuwa na sauti isiyowahi kutumika, na ilitoka kama mlango wa kabati la zamani. Lakini alianza mwanzo akaenda mpaka mwisho: chungu cha maji, chungu cha nafaka, chungu kilichopasuka ambacho mama anakataa kitupwe. Alipomaliza aliendelea kusimama, kwa kuwa hakuambiwa ashuke.

Mkewe alikuja mbele polepole, akapita katikati ya viti.

"Sijasikia kitu," alisema. "Friji ndiyo nimeisikia."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho. Na kwenye chungu cha pili umekosea neno."

"Kama hujasikia, umejuaje?"

"Nimeuona mdomo."

Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, karibu na miguu ya mumewe, na mumewe naye akashuka akakaa. Kisha mkewe akasema ile ya shavuni bado haitaki, inamfanya aonekane ana jipu, na mama wa mfinyanzi hana jipu, mswada hausemi hivyo. Bwana Stoo akasema kuna zile mbili za waya, za kubadilishana. Hazikuwa na kazi bado.

Mwangwi alipofika aliambiwa tatizo, akaangalia vyungu vya jukwaani. "Tuifiche," alisema. Walianza kwa kuitumbukiza maiki ndani ya chungu kikubwa. Mkewe akaimba, na spika zikatoa sauti ya marehemu wa zamani sana anayewadai watu haki yake. Msimamizi wa ukumbi, aliyekuwa akifagia, alisimamisha ufagio. Wakaitoa, wakaisimamisha nyuma ya chungu, ikichungulia kwa juu kidogo, ikafunikwa kitambaa. Mwangwi akashusha kitufe hiki, akapandisha kile. Bwana Stoo alitembea kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, akasimama kando ya friji, akarudi mbele.

"Vipi?" aliuliza mkewe.

"Unasikika mpaka friji. Nikazime friji, utasikika na nyuma ya friji."

Kuhusu friji, msimamizi alikataa katakata mpaka Bwana Stoo alipomletea mabeseni mawili ya barafu kutoka kiwanda cha samaki. Kuhusu feni, Daktari aliamua watu watokwe jasho kwa muda wa wimbo mmoja, haitawaua.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa. Zile spika za kijivu zisizotakiwa na mtu zilisimama kila upande wa jukwaa, mbele ya waimbaji, na Mwangwi akakaa nyuma na miksa yake, mguu wenye goti bovu ameunyoosha kwenye njia. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Fundi bomba alisikika, na ikawa mara ya kwanza kwa wenzake kujua alikuwa anaimba maneno gani. Baadhi yake hayakuwa ya mswada, lakini yalikuwa mazuri.

Sehemu ya pili ikafika mwisho wake. Feni zikazimwa. Mama wa mfinyanzi akaingia peke yake, akakaa kati ya vyungu, kinanda kikampa mwanzo, akaimba mstari wa kwanza. Hapo hapo mvua ikashuka juu ya bati.

Haikuanza kwa matone. Ilimwagwa. Mwangwi alipandisha kitufe, spika zikaanza kupiga mluzi, akakishusha haraka. Alijaribu tena kidogo, wapi. Akamgeukia Bwana Stoo aliyekaa karibu naye, akamwambia sikioni, "Mvua haina kitufe."

Jukwaani mkewe alikuwa ameacha kuimba. Mpiga kinanda alirudia mwanzo, akarudia tena, akaacha. Pembeni, nyuma ya pazia, Daktari alionekana akipunga mikono kwamba aendelee, aendelee tu, mdomo wazi kama wagonjwa wake. Mkewe hakumtazama. Aliweka mikono mapajani, akauinua uso, akawatazama watu waliojaa ukumbini. Hakuonekana kuwa na wasiwasi. Alionekana kama mtu aliyefika mapema mahali.

Watu walinong'ona, mmoja akacheka kule nyuma, akanyamaza mwenyewe. Kisha wote wakatulia. Wakawa wanamtazama mama aliyekaa kati ya vyungu akisikiliza mvua, nao wakaisikiliza. Bwana Stoo aligundua ameshika ukingo wa meza ya Mwangwi na vidole vimekufa ganzi. Alitaka kwenda jukwaani ampelekee kitu, hakujua nini. Mvua ilipiga, ikapiga, ikaanza kupungua, ikabaki michirizi ya maji kwenye mifereji. Mkewe akakigeukia chungu cha kwanza, akaanza upya, bila kinanda.

Bwana Stoo aliinuka, akaenda kusimama kule mwisho kabisa, kando ya friji iliyozimwa. Maneno yakamfikia pale, moja moja, makavu, si makubwa, kwa ukubwa uleule aliouzoea mezani. Mkewe alipofika chungu cha pili, Bwana Stoo alilisikia lile neno alilokosea yeye mwenyewe, akajua lilivyopasa kuwa. Mtu mmoja akamgusa mkono, akamwomba ahame kidogo, amesimama kati yake na soda.

Baada ya onyesho watu walimzunguka Daktari. Walisifu kila kitu, lakini walichosifu zaidi ni mvua. Bwana mmoja mnene mwenye tai alisema ameona maigizo mengi, hajawahi kusikia sauti ya mvua safi namna ile, mtu angeapa inatoka juu ya paa. Aliomba aambiwe spika zimenunuliwa wapi.

"Muulize Bwana Stoo," alisema Daktari.

Bwana Stoo alimweleza kwamba mvua ilikuwa mvua. Bwana yule alitabasamu kama mtu aliyenyimwa siri ya biashara, akasema anaelewa, akaondoka.

Walibaki kukusanya vyombo. Mwangwi aliwafundisha kukunja nyaya bila kuzisokota, duara moja kwa ndani, moja kwa nje, la sivyo zitakufa kabla ya mwaka. Bwana Stoo hakuiweza namna hiyo, kila mara alitoa nane badala ya duara. Mkewe aliishika mara moja tu. Basi yeye akakunja, na mumewe akawa anaushika mwisho wa waya na kumsogelea kadiri ulivyofupika.

"Jumapili ijayo mvua ikinyesha tena?" aliuliza mkewe.

"Utasubiri."

"Na isiponyesha?"

Bwana Stoo alifikiri. Nje mifereji ilikuwa bado inadondosha.

"Wataiulizia," alisema.